Fumbo la Kware

Corin alitaja jibu kabla sijasoma kidokezo.

Nilikuwa nimesema tu, "Kumi na saba, mlalo," nikanyamaza kidogo nirekebishe miwani, maana maandishi ya gazeti lile la Jumamosi ni madogo ya kutesa. Yeye, aliyekuwa amekaa kimya asubuhi nzima akitafuna ncha ya penseli, akasema chinichini, "Zumari."

Wote tukamgeukia.

"Zumari imetoka wapi?" Mzee Cuthbert akauliza. "Imogen hajasoma hata neno moja."

"Nimekisia," Corin akasema.

"Na haliingii," Bi Olwen akasema, kidole chake juu ya jedwali. "Herufi ya tatu tumeshaiandika kwa wino, na siyo hiyo."

Corin akavuta gazeti, akasoma kidokezo mwenyewe. Nilimwona akikisoma mara mbili. Uso ukamwiva mpaka masikioni. Sasa mtu aliyekisia vibaya hucheka, au hununa. Huyu alishtuka, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa upande wa pili.

Sisi wanne hukutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha baa ya Plough, hapa Hexham, kabla haijajaa. Mzee Cuthbert alikuwa daktari wa meno, na mpaka leo akikuangalia anaanzia mdomoni. Bi Olwen ni mjane kutoka Wales, ana sauti ya kanisani na kalamu moja ya wino ambayo hamruhusu mtu kuigusa. Na kuna mimi, na Corin Haddow, anayejenga kuta za mawe za mashambani. Utaratibu wetu ni mmoja na haubadiliki: gazeti hukaa limekunjwa katikati ya meza mpaka chai ifike na kila mtu awe amekaa. Hakuna kuchungulia nyumbani. Jibu la kubahatisha huandikwa kwa penseli. Likishahakikishwa na maneno yanayolikata, Bi Olwen hulipitishia wino, na hapo halifutiki tena.

Na fumbo la siku ile halikuwa la mchezo. Lilikuwa la Kware. Watunzi wa mafumbo ya magazeti hawatumii majina yao, kila mmoja ana lake la kujifichia, na Kware ndiye aliyekuwa akitutoa jasho kuliko wote. Alikuwa amekaa kimya kama mwaka hivi, hata Mzee Cuthbert alishaanza kumwita marehemu. Sasa amerudi na jedwali kubwa, na juu yake maelezo mafupi: maneno manane hayana kidokezo, yote yalikuwa mahali pamoja, kilichokosekana kimelala kwa mshazari, kitafutwe.

"Mfalme amepoteza kichwa," Mzee Cuthbert akasoma, akiturudisha kazini. "Basi mkateni herufi ya kwanza. Inabaki nini? Haya, dada Olwen, usisinzie."

"Sijasinzia. Namwangalia kijana wetu."

"Hata mimi," nikasema.

Corin aliinua macho tukakutana. Ana macho ya kijivu, yenye upole hadi yanakera, na kwenye kope zake siku zote kuna vumbi la mawe. Siku nyingine yoyote ningetabasamu. Siku ile nikayakwepa.

Niseme wazi kilichokuwa mbele yangu. Corin alikuwa ameniomba anioe. Kazi ilimngoja visiwa vya Orkney, ukuta wa kukarabati wa miaka na miaka, na Jumatatu walitaka jibu lake. Alitaka twende wawili. Nilimwahidi nitamjibu Jumamosi hiyo, tukimaliza fumbo. Katikati ya wiki alipojaribu kunichokonoa nikamwambia, "Jibu bado liko kwa penseli." Akacheka, akanibusu paji la uso, akasema, "Naungojea wino." Na moyoni, nawaambia kweli, wino ulikuwa tayari.

Lakini mimi ni mtu niliyewahi kuumwa. Mume wangu wa kwanza, Lionel, alikuwa na nyumba nyingine Carlisle kwa miaka, na mwanamke ndani yake, na mapazia nikayachagua mimi kwa kudhani ni ya ofisi. Mtu aliyepitia hayo hujifunza kuhesabu vitu vidogo. Nilikuwa nimeona, majuma machache yaliyopita, Corin akikunja karatasi haraka nilipoingia jikoni kwake. "Kazi tu," alisema. Na asubuhi ya Jumamosi hiyo alitaka asije, eti ana mafua. Nikamlazimisha. Alikuja, na hakupiga chafya hata mara moja.

Na Mama naye alikuwa ameshaniimbia wimbo wake: "Mwanaume mkimya namna ile ana kitu anaficha, mwanangu. Utakuja kuniambia."

Tukaendelea. Maneno yasiyo na vidokezo yakaanza kujitokeza kutokana na yale yanayoyakata. La kwanza alilipata Mzee Cuthbert.

"Cherehani," akatangaza.

"Kodiani," Bi Olwen akasema muda kidogo baadaye. "Cherehani na kodiani. Kanisa gani hilo?"

"Darubini hii hapa. Labda ni melini."

"Melini wanashona nini?"

"Matanga, mama. Matanga yanashonwa."

"Na kasuku," Bi Olwen akasema, akapiga meza kwa furaha. "Ni maharamia hawa."

Mkono wangu ulikuwa umeshika kikombe na chai imepoa. Maana neno lililofuata nililiona kabla yao, na sikulitaka: viatu vya mbao.

Baba yangu, Edmund, alikuwa na banda nyuma ya nyumba. Humo alishona mahema kwa cherehani ya miguu, amevaa viatu vya mbao kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Kodiani, kinanda chake cha mkono, ilining'inia ukutani. Darubini ilikuwa ya kuangalia ndege. Kasuku alikuwa wa bati, alichukuliwa kwenye duka lililofungwa. Nikiwa na miaka tisa Baba alifariki, Mama akatia kufuli kwenye lile banda, na toka siku hiyo hakumtaja tena. Si jina, si tabia, hakuna. Mtu mmoja tu duniani niliyewahi kumhadithia vitu vile, kimoja kimoja, kichwa changu kikiwa kwenye bega lake na mvua ikipiga dirisha, alikuwa Corin.

"Umepauka," Mzee Cuthbert akaniambia. "Jino?"

"Endeleeni," nikasema.

Waliendelea. Corin hakuinua penseli tena. Jedwali lilipojaa, Bi Olwen akalipitishia wino lote kwa taratibu zake, kisha akaanza kufuata mishazari kwa kidole, kutoka pembe hadi pembe. Akasimama. Akarudia. Akaziba mdomo kwa mkono, macho yakimng'aa.

"Jamani," akasema. "Imogen. Ni jina lako."

Lilikuwa pale, linashuka kwa mshazari katikati ya fumbo, herufi zote sita.

"Kumbe Kware ni wewe, mshenzi mkubwa!" Mzee Cuthbert akampiga Corin mgongoni. "Unatuacha tunahangaika hapa kumbe ni posa! Mpaka gazetini!"

Bi Olwen alikuwa tayari anatafuta kitambaa cha kufutia machozi. Corin akatikisa kichwa polepole. Hakukana kwa mdomo, na hakukubali.

"Twende nje," nikamwambia.

Ua wa nyuma wa Plough una mapipa na banda dogo la wavuta sigara. Mvua ilikuwa nyembamba. Kola ya shati lake ilikuwa imekaa vibaya, na mbaya zaidi ni kwamba hata kwa hasira zile mkono wangu ulitaka kwenda kuinyoosha.

"Umemwanika baba yangu gazetini," nikasema. "Vitu nilivyokwambia nikilia. Umevipanga kwenye miraba nchi nzima ichezee na chai."

"Sikulitunga mimi, Imogen."

"Uliliona kabla ya leo?"

"Niliona."

"Ndiyo zile karatasi za jikoni?"

"Ndizo."

"Halafu ukakaa pale mezani, gazeti limekunjwa, unajifanya unafikiri. Mbele ya wazee wa watu."

"Ndiyo maana sikutaka kuja. Ulinibana. Na ulipotaja namba ile tu, likanitoka."

"Aliyetunga ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Unamjua?"

"Namjua. Nilimpa neno langu kwamba sitasema mpaka majibu yatoke Jumamosi ijayo. Siku saba, mpenzi. Nakuomba siku saba tu."

"Lionel naye alikuwa akiniomba siku."

Hilo lilimwingia. Alifumba macho, akayafumbua.

"Mimi siyo Lionel."

"Basi nithibitishie. Jina moja. Kuna mtu aliyeambiwa habari za baba yangu, na huyo mtu kanipachika mimi mwenyewe katikati, na wewe unamlinda. Ni mwanamke?"

Akainamisha macho kwenye viatu vyake. Nawaambia, hilo lilinichoma kuliko tusi.

"Ni mwanamke," nikasema.

"Siyo unavyofikiri."

"Chagua basi. Neno lako kwake, au mimi."

Alinitazama mpaka nikaanza kuhisi baridi. Mikono yake mikubwa, iliyopasuka kwa mawe, ilikuwa imening'inia tu haijui pa kwenda. "Usinichaguishe," akasema. "Nikilivunja leo kwa ajili yako, kesho utaniamini kwa lipi?"

"Jibu langu ni hapana, Corin."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea mzigo mzito na bado hajajua atautua wapi. Akatoka kwa lango la uani. Sikumwita. Nilisimama pale na mapipa mpaka Bi Olwen akachungulia dirishani, nikaona aibu, nikaondoka na gazeti kwapani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama yangu, Hester, ana furaha moja kubwa maishani: kuambiwa alikuwa sahihi. Nikaona nimpe, angalau mmoja wetu ale chakula kwa raha.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Ulisema kweli, Mama. Anaficha."

"Nani?"

"Corin. Nimemwambia hapana. Haendi na mimi Orkney wala sokoni."

Nilidhani atasema, si nilikwambia. Kisu kilipunguza mwendo tu. "Kaa chini," akasema. "Amefanya nini?"

Nikamweleza. Nilitupa gazeti mezani, nikamweleza yote, na sauti ikinipanda: karatasi za jikoni, mafua ya uongo, vitu vya banda, jina langu, na mwanamke asiyetajwa. Mama hakuligusa gazeti. Hakuuliza fumbo gani. Siku zote alisema mafumbo ni mchezo wa watu wasio na nguo za kufua.

"Na hakukwambia ni nani?" akauliza.

"Hakuniambia."

"Hata ulipomwambia uchumba umevunjika?"

"Hata hapo. Afadhali mwanamke wake kuliko mimi."

Mama alimenya kiazi kile mpaka kikawa kidogo kabisa. Halafu akauliza kitu cha ajabu.

"Umesema alitaja jibu likawa siyo. Namba ngapi?"

"Nini?"

"Namba, Imogen. Alikosea wapi?"

"Kumi na saba, mlalo. Alisema zumari. Sijui alilitoa wapi, maana hakuna zumari hapo wala—"

Mama aliweka kisu chini.

"Aliniambia kile kidokezo cha zumari hakikuwa cha haki kwa msomaji," akasema. "Nilibisha, kisha nikaona kweli. Nikakibadilisha, na neno lenyewe nikalitoa. Nikasahau kumwambia."

Nilisikia maneno, lakini yalichukua muda kushuka. Saa ya ukutani iligonga. Nje mvua ilikuwa imeshika kasi.

"Kware ni wewe," nikasema.

"Tangu baba yako alipofariki. Nilihitaji kitu cha kufanya usiku usingizi ukikataa."

"Wewe unachukia mafumbo."

"Nachukia kuulizwa." Alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. "Hakuna mtunzi anayepeleka fumbo gazetini kabla mtu mwingine hajalijaribu, na anayejaribu hufunga mdomo mpaka majibu yatoke. Ndivyo ilivyo. Mtu wangu wa zamani amezeeka, macho yamekwisha, ndiyo maana nikakaa kimya mwaka mzima. Halafu kiangazi kilichopita, huyu kijana anakuja kunijengea ukuta wa bustani, na saa ya chakula namkuta amekaa juu ya mawe yangu anafumbua fumbo langu la zamani. Nikamuuliza analionaje. Akaniambia limejaa majivuno."

"Corin alisema hivyo?"

"Kwa heshima zote. Nikamwapisha hapo hapo. Asiseme kwa mtu yeyote, hasa wewe."

"Kwa nini hasa mimi?"

Mama alivuta gazeti karibu, akalitazama kwa mara ya kwanza. Kidole chake kikatua juu ya kodiani.

"Kwa sababu hili lilikuwa lako. Nilijua mnakaa pale Plough na gazeti hili. Mimi nikimtaja baba yako kwa mdomo, Imogen, sauti inakatika. Kwenye miraba naweza. Naweka kiatu hapa, kasuku pale, napumzika, narudi kesho." Akameza mate. "Nilidhani utajua ni mimi. Nilikaa hapa tangu asubuhi nikingoja mlango. Nani mwingine anavijua vitu vile?"

"Nilimhadithia Corin."

"Na mimi hukuniwaza kabisa?"

Miaka yote niliamini Mama amemsahau. Niliweza kumfikiria mwanaume ninayempenda kuwa mwongo, nikamfikiria na mwanamke asiyekuwepo, lakini haikunipitia hata dakika moja kwamba mama yangu anamkumbuka baba yangu. Hilo liliniuma pale nilipoketi, nikalia bila kujificha.

"Ulikuwa na kigoda chako mle bandani," Mama akasema. "Siku ya mazishi nilijifungia mle nikakuacha nje. Ulipiga mlango mpaka mkono ukavimba. Nami nilikuwa nimekaa upande wa pili, nakusikia. Kilichokosekana mle ndani ni wewe. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo, na sasa naomba."

Nilizunguka meza nikamkumbatia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea, ananuka maganda ya viazi. Tulikaa hivyo mpaka alipoanza kunisukuma, maana Mama kukumbatiwa sana hapendi.

"Sasa niambie," nikasema, najifuta. "Unamwamini na siri yako, halafu kwangu unamponda. Mwanaume mkimya ana kitu anaficha. Si maneno yako hayo?"

"Ni kweli alikuwa anaficha. Alikuwa anaficha changu." Akatazama pembeni. "Orkney ni mbali. Angekuwa anakuchukua kukupeleka mtaa wa pili ningempikia kila Jumapili. Simkatai yeye, nakataa kubaki peke yangu na lile banda."

Alifungua kopo la chai juu ya kabati, akatoa ufunguo uliobadilika rangi, akauweka mezani kati yetu.

"Tutalifungua pamoja, mimi na wewe," akasema. "Kesho. Leo una safari nyingine. Nenda kabla hajapakia gari akaondoka."

Nilipitia Plough kwanza. Bi Olwen na Mzee Cuthbert walikuwa bado mezani, nyuso za msiba, keki haijaguswa.

"Naomba kalamu yako, Bi Olwen."

"Kalamu yangu?" Alinitazama juu mpaka chini, nywele zimelowa, macho mekundu. Hakuuliza. Aliifuta kwa kitambaa chake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Jino limepona?" Mzee Cuthbert akauliza.

"Ndiyo naenda kuling'oa, daktari."

Corin alikuwa uani kwake anapakia nyundo na kamba garini. Aliponiona akasimama, akaweka chini alichoshika. Hakuja mbele. Macho yake yalikuwa yanauliza, na mdomo umefungwa vilevile.

"Mama ameniambia," nikasema.

"Ameniruhusu kuzungumza?"

"Sijui. Sijamuuliza."

"Basi sina la kusema," akasema, na pembeni mwa mdomo wake kukaanza kuchezacheza.

"Mimi ninalo. Nilikuita mwongo, na ulikuwa mtu pekee asiyenidanganya leo. Nilitaka uvunje neno lako ili nikuamini. Nisamehe, Corin."

"Nilikaribia kulivunja. Pale langoni, nilirudi hatua moja."

"Mbona hukurudi?"

"Ulikuwa umenipa mgongo, na mabega yako yanatetemeka. Nikajua nikirudi nitasema yote."

Nilimsogelea. Nikainyoosha ile kola, hatimaye, na vidole vikabaki pale shingoni kwake muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji. Alipumua kwa nguvu, paji la uso wake likagusa langu. Mvua ilikuwa inatunyeshea wote wawili, na hakuna aliyejali.

"Kesho nafungua banda na Mama," nikamwambia. "Na kiangazi atakuja Orkney, apende asipende. Mtunge humo mafumbo yenu ya majivuno mkanifiche vizuri. Sasa nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nipe."

Alinipa. Kiganja kilikuwa kigumu, chenye mikwaruzo, kimelowa. Nikakikausha kwa sketi yangu, nikatoa kalamu ya Bi Olwen, nikaandika katikati yake neno moja, ndiyo, kwa herufi kubwa. Alilisoma. Akalisoma tena, kama alivyosoma kile kidokezo cha asubuhi, ila safari hii hakushtuka.

"Ni wino huu?" akauliza, sauti imemkauka.

"Ni wino. Na usinawe mpaka Mama aone."